Kiti cha Mholanzi hakikutoka Uholanzi

Kuna mtindo wa nyumba umeshika sana kwa mitandao siku hizi. Sebule nyeupe, boriti za mbao juu, kabati refu la rangi ya giza limesimama ukutani kama askari wa benki, viti viwili vya kusukwa, na mmea mmoja kwa chungu. Chini ya picha wanaandika "mtindo wa Kiholanzi wa enzi za ukoloni", halafu bei ambayo inakufanya ufunge simu polepole. Wasee wanapenda. Hata mimi napenda, siwezi wadanganya, kiti kizuri ni kiti kizuri. Lakini hilo neno "Kiholanzi" hapo katikati linanisumbua, na leo nataka tulipasue kama mbao tuone ndani kuna nini.

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo hakuna lekchara wa kuninyima alama. Hii ni stori ningependa mtu angenipa nikiwa kidato cha pili, wakati historia ilikuwa tu kukariri miaka. Miaka itakuwepo hapa pia, msijali, lakini itakuja imekalia kiti.

Basi. Mwaka 1602 wafanyabiashara wa Uholanzi waliunganishwa wakawa kampuni moja kubwa ya biashara ya Asia, ile inaitwa VOC. Nitaiita tu Kampuni. Ilikuwa na meli zake, wanajeshi wake, mahakama zake, na ruhusa ya kupigana vita. Mwaka 1619 iliteka mji wa Jayakarta kwenye kisiwa cha Java ikauita Batavia. Leo ndio Jakarta. Mwaka 1652 ikaweka kituo Rasi ya Tumaini Jema ili meli zipate maji na mboga njiani, na kituo hicho ndicho kilizaa Cape Town. Kufika 1658 ilikuwa imewatoa Wareno kwa pwani ya Ceylon, Sri Lanka ya leo. Kwa hivyo mtu akikwambia "nyumba ya Kiholanzi ya kikoloni" muulize kwanza, ya wapi? Java? Ceylon? Afrika Kusini? Suriname? Hata New York ilianza ikiwa New Amsterdam, na huko pia waliacha makabati makubwa ya nguo yenye miguu mviringo kama mipira. Hiyo tuiache. Sisi tukae Batavia na Cape.

Fikiria wewe ni ofisa wa Kampuni, umetumwa Batavia. Safari ni miezi sita, nane, inategemea upepo. Nafasi ndani ya meli ni ya mali ya Kampuni, si ya kabati la mamako. Na hata ukifaulu kulibeba, ukifika joto na unyevu wa Java vinalegeza gundi, kitambaa cha kukalia kinaoza, halafu mchwa wanamalizia. Kwa hivyo unafanya kile mtu yeyote angefanya. Unatafuta fundi wa huko.

Na mafundi walikuwepo, wengi, na walikuwa wakali. Kwenye pwani ya Coromandel, kusini-mashariki mwa India, katika karne ya 17 mafundi walikuwa wakitengeneza viti vya eboni, mbao nyeusi ti, ile sisi tungeifananisha na mpingo. Miguu na nguzo zake zimekerezwa zikajipinda kama kamba iliyosokotwa, na mgongo umejaa nakshi za maua, ndege na viumbe nusu mtu nusu samaki. Umbo la kiti ni la Kizungu. Nakshi zinaongea Kihindi. Waholanzi walivipenda sana, wakavisambaza kwenye vituo vyao, na vingine vikafika hadi Ulaya.

Sasa sikieni hii. Karne ya 18, kuna mwandishi Mwingereza tajiri anaitwa Horace Walpole, ambaye nyumba yake ya Strawberry Hill karibu na London ilikuwa kama ndoto ya mtu anayependa mambo ya kale. Huyu jamaa aliona viti vya eboni vya aina hiyo akaamini kabisa ni viti vya Kiingereza vya zamani za wafalme wa Tudor. Akavinunua, akaviweka nyumbani, na wengine wakamfuata kwa huo uchambuzi. Kazi ya fundi wa India ikageuka kuwa urithi wa Uingereza, na hakuna mtu aliyeiba kitu usiku. Ilitosha tu jina la fundi kukosekana.

Manze hiyo stori ndiyo ilinifanya nianze kufuatilia haya mambo.

Turudi Batavia. Wachina walikuwa wengi kwenye ule mji, na kati yao maseremala na wachongaji. Kampuni yenyewe ilikuwa na mtaa wake wa mafundi, ambapo watumwa wake walifanya kazi za ufundi kila siku. Mwaka 1740 Wachina wa Batavia waliuawa kwa maelfu, makadirio ya kawaida ni karibu watu 10,000, kwa siku chache za mwezi wa Oktoba. Naitaja kwa sababu ukiona picha ya sebule ya Batavia imepangwa vizuri, kauri juu ya kabati, viti vimepangwa ukutani, ni rahisi kufikiri ulikuwa mji wa watu wapole.

Kile kiti cha kusukwa pia kina stori yake. Ile nyuzi tunayoona kwa kalio na mgongo ni henzirani, ambayo wauzaji wa mtandaoni wanaita ratani. Ni mmea wa misitu ya Asia. Wazungu waliokuwa wamezoea kukalia mito ya kitambaa na ngozi waligundua kwamba kwa nchi ya joto unataka kalio linalopitisha hewa. Henzirani inapumua, ni nyepesi, na wadudu hawapati pamba ya kujificha. Wakaibeba hadi Ulaya, na kufikia nusu ya pili ya karne ya 17 viti vya kusukwa vilikuwa vinauzwa London na Amsterdam kama kitu cha kisasa. Kuna kimoja maarufu sana cha Batavia chenye kalio mviringo la kusukwa, miguu sita, na mgongo wa nusu duara unaokukumbatia. Kimepewa jina la "kiti cha bwana meya" kwa Kiholanzi. Ni Mwasia kutoka miguu hadi mgongo, lakini cheo ni cha Mholanzi.

Na kuna kitu kinanichekesha hapa. Wanawake wengi wa nyumba kubwa za Batavia walikuwa wamezaliwa Asia, mama zao au nyanya zao wakiwa Waasia, na wasafiri kutoka Uholanzi walilalamika sana kuwahusu. Ati wanakaa kwenye mikeka badala ya viti! Ati wanatafuna tambuu! Na ni kweli walitafuna, wakiwa na visanduku vizuri vya fedha vya kuwekea majani na chokaa, na mtumwa wa kike wa kubeba kisanduku kila mahali bibi anapoenda. Chombo cha kutemea mate kilikuwa sehemu ya samani za sebule, na Cape pia kilikuwepo. Mtu wa Lamu au Mombasa angeingia kwa sebule hiyo na kuelewa karibu kila kitu. Hata maneno angeelewa kidogo, kwa sababu sisi tunasema meza na Waindonesia wanasema "meja", na sote tumelitoa kwa Wareno ambao walipita kabla ya Waholanzi.

Sasa tuje huku kwetu Afrika, Cape.

Mafundi wa Cape walipata miti miwili ambayo ndiyo sura ya ule mtindo mzima. Mmoja ni wa manjano, laini kidogo, unatoa mbao pana na ndefu. Huo ni ndugu wa podo yetu, ile muthengera, ambayo fundi yeyote wa Nyeri anaijua. Wa pili ni mweusi au kahawia iliyoiva, mgumu, na ukikatwa ukiwa mbichi unanuka vibaya hadi Waholanzi wakauita mti wa uvundo. Ukikauka harufu inaisha na mbao inang'aa kama kahawa. Mafundi walipenda kuchanganya hiyo miwili, fremu nyeusi na paneli za manjano, na ukiona kabati la rangi mbili hivyo, uwezekano mkubwa ni la Cape. Ule mti mweusi ulikatwa sana mpaka leo umewekwa chini ya ulinzi wa sheria Afrika Kusini.

Kabati ndilo lilikuwa mfalme. Nyumba za Cape za karne ya 18 hazikuwa na vitu vingi, hilo ndilo watu wa Pinterest hawaambiwi. Unaingia ukumbi wa mbele, kuta za chokaa, sakafu ya mbao au vigae, viti vimepangwa ukutani, meza, na hapo limesimama kabati moja kubwa sana. Juu yake lina ukingo uliopindapinda, na ukitoka nje ukaangalia paa la nyumba utaona ukingo huo huo kwenye ukuta wa mbele, kama vile kabati ni mtoto wa nyumba. Vishikio na vibao vya kufuli, kama mwenyewe ana pesa, ni vya fedha halisi. Juu kabisa wanapanga vyombo vya kauri vya bluu na nyeupe kutoka Asia. Ndani ni mashuka. Yaani pesa yote ya ukoo imesimama mahali pamoja, mgeni akiingia tu anaiona.

Aliyekuwa na pesa kidogo alikuwa na kiti cha riempie. Hiki mimi ndicho nakipenda kuliko vyote. Unachukua ngozi mbichi ya ng'ombe, unaikata kamba nyembamba, unazipitisha kwenye matundu yaliyotobolewa kwa fremu, unazisuka zikiwa na maji. Zikikauka zinajikaza zenyewe. Hakuna msumari kwa kalio, hakuna pamba. Kitanda kilifanywa vivyo hivyo na kiliitwa katel, neno lililotembea kutoka Kitamil huko India. Yule mfugaji aliyekuwa akihamahama ndani ya nchi na gari la ng'ombe alikuwa na kitanda hicho, na sanduku la mbao ambalo mchana ni kiti na usiku ni stoo. Mtu wa Pwani aliyelalia kitanda cha kamba cha nyanya yake hahitaji kuelezwa hii teknolojia.

Mitindo ilibadilika, bila shaka. Kwanza miguu ya kujipinda, baadaye ile ya kubenuka yenye makucha yameshika mpira, halafu mwisho wa karne ya 18 ikawa miembamba na imenyooka. Waingereza walipoiteka Cape mwaka 1795, na tena 1806 wakabaki, wakaja na mitindo yao. Vitabu vya samani vinakaa hapo kurasa nyingi, mguu huu na mguu ule. Mimi sina haraka na miguu. Nataka mikono.

Ukipita Ngong Road unaona jinsi inavyofanyika. Mteja anakuja na picha kwa simu, fundi anaiangalia mara mbili, wanapatana bei, na baada ya muda kitanda cha "Italia" kinatoka kando ya barabara ya Nairobi. Angalau fundi wa Ngong Road analipwa na anaenda nyumbani jioni. Cape kulikuwa na maseremala Wazungu, ndiyo, Waholanzi na Wajerumani wengi, na wengine wana majina yanayojulikana hadi leo. Anton Anreith, Mjerumani, ndiye alichonga mimbari za makanisa ya Cape Town na pambo la ukuta wa ghala la mvinyo la Groot Constantia mwaka 1791. Lakini kwa karakana nyingi waliokuwa wakikata, kukereza, kupiga randa na kusuka ngozi walikuwa watumwa, au watu waliozaliwa utumwani wakafundishwa kazi ili bwana awakodishe kwa wengine na kuchukua hela.

Kati ya 1652 na 1808 watu takriban 63,000 waliletwa Cape kama watumwa. Walitoka karibu sawasawa pande nne: bara la Afrika hasa Msumbiji, Madagaska, India, na visiwa vya Indonesia. Kumbuka hizo mbili za mwisho. Ni sehemu zile zile ambazo samani zilikuwa zinatoka. Kiti kilisafiri na Kampuni na fundi alisafiri na Kampuni, tofauti ni kwamba kiti hakikufungwa minyororo. Na kwa wale mnaofikiri hii ni stori ya mbali: kati ya 1776 na 1778 meli za Kampuni zilipanda hadi pwani yetu ya Waswahili, Zanzibar ikiwemo, kununua watu. Kwa hivyo inawezekana kabisa kwamba kuna kabati kwenye jumba la Cape ambalo lilipigwa msasa na mtu aliyekuwa akiota kwa Kiswahili.

Sasa kile kilichonikalisha chini. Mtu akifa Cape, Kampuni ilikuwa na ofisi ya mayatima ambayo kazi yake ilikuwa kuandika mali yote ya marehemu ili warithi wasidhulumiwe. Mwandishi alitembea chumba baada ya chumba na kalamu. Ukumbi wa mbele: kabati, viti kadhaa, kioo. Chumba cha kulala: kitanda na mapazia yake. Jikoni: masufuria. Wanahistoria wa samani wanazipenda sana orodha hizi, kwa sababu ndizo zinatuambia kiti gani kilikaa chumba gani. Lakini mwandishi hakuishia jikoni. Aliendelea hadi kwa watu. Watumwa waliandikwa kwenye orodha hiyo hiyo, kwa jina, mara nyingi na bei. Majina yenyewe yalikuwa ya kupewa: wengine waliitwa kwa mwezi, Januari, Februari, Septemba, wengine kwa miungu ya Kirumi kama Cupido, halafu mahali walikotoka, "wa Bengal", "wa Msumbiji", "wa Cape" kama alizaliwa hapo. Na wakati wa mnada waliuzwa pamoja na vitu vingine vya nyumba.

Yaani yule aliyelitengeneza kabati na kabati lenyewe wanaweza kuwa kwenye karatasi moja, wote wakingoja mnunuzi.

Hiyo jamii ilikuwa na macho makali sana kuhusu nani anaruhusiwa kuwa na nini. Mwaka 1755 Gavana Rijk Tulbagh alitoa sheria za kuzuia watu kujionyesha: nani atembee na mwavuli, nani avae hariri na velveti, kulingana na cheo cha mume. Aliiga sheria za Batavia za mwaka uliotangulia. Mwaka huo uliotangulia, 1754, alikuwa ameshatoa sheria nyingine ndefu ya kuwabana watumwa. Mwavuli na mtumwa, gavana mmoja, karibu kalamu moja.

Sasa ilikuwaje hivi vitu vikaitwa kwa sauti moja "Kiholanzi cha Cape" na vikawa fahari? Hapa anaingia mtu mnayemjua. Cecil Rhodes. Miaka ya 1890, akiwa waziri mkuu wa koloni la Cape, alianza kukusanya samani za zamani za Cape kwa ajili ya nyumba yake, Groote Schuur, na kumpa kazi ya kuijenga upya kwa mtindo wa kale kijana mmoja mchoraji wa majengo, Herbert Baker. Mwingereza anayetaka kutawala bara zima anajivika urithi wa Mholanzi ili aonekane wa hapo. Matajiri wengine wakafuata, bei zikapanda, vitabu vikaandikwa. Na Baker huyo huyo baadaye alikuja kutuchorea Ikulu ya Nairobi na Nairobi School. Kwa hivyo ukipita pale Waiyaki Way ukaona yale matao, umeona mkono wa mtu aliyejifunza kazi kwa kumpangia Rhodes makabati.

Watoto wa wale mafundi nao hawakupotea. Utumwa ulifutwa 1834, wakalazimishwa kufanya kazi miaka minne zaidi, wakawa huru kabisa 1838. Wengi waliendelea na ufundi: useremala, ujenzi, ushonaji. Wengine waliishi Bo-Kaap, ile mitaa ya nyumba za rangi kali mnapiga nayo picha mkienda Cape Town. Ni Waislamu wengi, na baadhi ya maandishi ya kwanza kabisa ya lugha ya Kiafrikana yaliandikwa na watu hao kwa herufi za Kiarabu, kama vile mashairi yetu ya Pwani yalivyoandikwa. Hiyo pia ni post ya siku nyingine.

Halafu kuna jengo. Mwaka 1679 Kampuni ilijenga bweni la kuwafungia watumwa wake, katikati ya Cape Town, jengo lisilo na madirisha ya kuangalia nje. Baadaye likawa ofisi, likawa mahakama, na mwaka 1966 likafunguliwa kama makumbusho ya historia ya utamaduni. Utamaduni wa nani? Ndani waliweka vyombo vya fedha, kauri na vitu vizuri vizuri vya walowezi. Watu walilipa wakaingia, wakavutiwa, wakatoka, bila kuambiwa vizuri wamesimama wapi. Jina la Slave Lodge lilirudishwa 1998. Miaka thelathini na mbili, wasee.

Kwa hivyo sisemi muache kununua kile kiti. Kinunueni, kama mna hizo pesa. Ninachotaka ni ile karatasi ndogo inayowekwa kando ya kabati kwenye makumbusho, na yale maelezo ya muuzaji, viongezewe mstari mmoja: mbao ya wapi, mbinu ya wapi, karakana ya nani na nani alikuwa anafanya kazi ndani. Hawawezi kusema habari hazipo. Zile orodha za ofisi ya mayatima zimehifadhiwa Cape Town, na nyingi zimenakiliwa na kuwekwa kwa intaneti. Ukizifungua utapitia viti, vioo na sufuria, na ukiendelea kushuka kidogo utakutana na majina.